Umeme wa Kituo cha Kuchajia Gari Ukitakiwa kwa Kazi Nyingine

Katika maegesho mengi ya magari siku hizi, chanzo kikubwa cha umeme kilicho karibu na mtu si soketi ya ukutani bali ni nguzo ya kuchajia magari ya umeme. Kituo cha kawaida cha fezi moja, kikitoa ampea 32 kwa volti 230, kina uwezo wa takriban kilowati 7.4, na cha fezi tatu chenye ampea hizo hizo kinafika kilowati 22. Umeme huo unatosha kuendesha mashine ya kuchomelea, pampu ya maji, kompresa ya upepo, vifaa vya jukwaa la muziki au karakana ndogo inayohamahama. Hata hivyo, si ajabu kumkuta mtu mahali hapo hapo amewasha jenereta ya dizeli inayopiga kelele na kutoa moshi, hatua chache tu kutoka kwenye nguzo ambayo kwa wakati huo haina gari wala kazi. Ndiyo maana swali la kuutumia umeme wa vituo hivi kwa vifaa vingine haliishi kuulizwa, na mimi ambaye kazi yangu ni kufunga na kukagua mifumo ya umeme nimeulizwa kiasi cha kuona kwamba linastahili jibu refu kuliko ndiyo au hapana.

Msimamo wangu ni kwamba umeme ule unafaa kwa kazi nyingine, na ni jambo jema utumike, lakini kituo chenyewe kimejengwa kikitarajia kwamba mwisho wa kebo kuna chombo kinachosikia na kutii. Kifaa kisichosikia kikipachikwa hapo kwa ujanja, umeme utatoka bila shaka, ila sehemu kubwa ya ulinzi unaokifanya kituo kiwe salama haimo ndani ya kituo. Imo ndani ya gari, na gari halipo.

Tuanze na kile kituo kilivyo, kwa sababu wengi hudhani kwamba nguzo ile ndiyo chaja. Kwa vituo vya umeme wa AC, yaani mkondo geu, chaja imo ndani ya gari, nayo ndiyo inayougeuza umeme wa gridi kuwa mkondo mnyoofu unaoweza kuingia kwenye betri. Nguzo ina kontakta, ambayo ni swichi kubwa inayoendeshwa na sumaku, pamoja na mita, vifaa vya ulinzi na saketi ndogo ya elektroniki ya kuwasiliana na gari. Umeme unaopita kwenye kebo hauna tofauti na ule wa soketi ya kawaida. Hapo ndipo wazo zima linapopata uhai, kwani laiti umeme huo ungekuwa wa namna ya pekee, swali lisingekuwepo.

Tofauti ni kwamba kebo ya kituo ikiwa imening'inia haina umeme kabisa. Plagi ya Aina ya 2, ambayo imekuwa ya kawaida Ulaya na katika nchi nyingi nyingine, ina pini saba: tatu za fezi, moja ya nyutro, moja ya ardhi, na mbili ndogo ambazo hazibebi umeme wa kazi. Moja kati ya hizo ndogo hueleza uwezo wa kebo kwa kutumia rezista, yaani kijenzi kidogo cha kuzuia umeme ambacho kipimo chake ni omu, iliyomo ndani ya plagi. Omu 680 humaanisha kebo ya ampea 20, na omu 220 humaanisha ampea 32. Ya pili ndiyo pini ya ishara, na mazungumzo yote kati ya kituo na gari hupitia hapo kwa utaratibu uliowekwa na kiwango cha kimataifa cha IEC 61851.

Mazungumzo hayo ni mafupi na yamepangwa kwa ustadi ambao mimi huuhusudu kila ninapoufikiria. Kebo isipochomekwa popote, waya wa ishara hukaa kwenye volti 12 tulivu. Ikichomekwa kwenye gari, rezista ya omu 2,740 iliyofuatana na dayodi (kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani ya gari huishusha ishara hadi volti 9, na kituo hutambua kwamba kuna gari. Ndipo ishara inapoanza kupanda na kushuka mara 1,000 kwa sekunde, ikifika volti 12 hasi upande wa chini. Gari likiwa tayari, huunganisha rezista ya pili ya omu 1,300 sambamba na ile ya kwanza, kilele cha ishara kikashuka hadi volti 6, kontakta ikafunga kwa mlio unaosikika, na umeme ukatoka. Dayodi ile ipo kwa sababu maalumu. Upande wa chini wa ishara ukibaki kwenye volti 12 hasi, kituo hujua kwamba kinachokijibu ni saketi ya gari wala si unyevu uliojaa ndani ya plagi au kidole cha mtoto.

Upana wa sehemu ya juu ya ishara ndio unaobeba ujumbe muhimu zaidi. Ikidumu kwa asilimia 10 ya kila mzunguko, kituo kinaliambia gari lisivute zaidi ya ampea 6, na kuanzia hapo kila asilimia moja huongeza ampea 0.6, hivyo ampea 16 ni takriban asilimia 27 na ampea 32 ni takriban asilimia 53. Ukiiweka ishara hiyo kwenye kioo cha osiloskopu, chombo kinachochora umbo la ishara ya umeme, wakati vituo kadhaa vinagawana laini moja, utaona jinsi jambo hili linavyofanya kazi. Gari la pili linapochomekwa, ile sehemu ya juu hupungua upana papo hapo, na baada ya sekunde chache ampea za gari la kwanza huteremka polepole hadi kiwango kipya. Hakuna kilichokatwa wala breka iliyoanguka. Kituo kimetaja kikomo na gari limekifuata.

Anayetaka kupata umeme huo bila gari, basi, hulazimika kuiga jibu la gari, na kuliiga ni rahisi mno: dayodi moja, rezista mbili, swichi, na tundu la kupokelea plagi. Mafundi wanaokagua vituo hubeba vifaa vinavyofanya jambo hilo hilo, kwa kuwa haiwezekani kukipima kituo kila mara kwa kutafuta gari. Baadhi ya vifaa hivyo vina hata soketi ndogo ya kupachika mzigo wa majaribio, na hapo ndipo wengi hupata wazo kwamba kama fundi anaweza kuwasha taa ya majaribio kwenye kituo, kwa nini mtu asiwashe jokofu.

Kisanduku kimoja cha namna hiyo kililetwa kwenye meza yangu nikikague kabla hakijatumiwa kuwashia vifaa kwenye maonyesho ya uwanjani. Kwa nje kilikuwa kizuri, cha plastiki nyeusi, kikiwa na tundu la Aina ya 2 upande mmoja na ekstensheni yenye soketi nne upande mwingine. Kwa ndani, sehemu ya ishara ilikuwa imefanywa kwa mikono inayojua kazi: rezista zilikuwa za thamani sahihi, dayodi imeelekezwa inavyotakiwa, na vyote vimelehemiwa safi kwenye kibao kidogo. Nilipopima, ishara ilishuka kutoka 12 hadi 9 na kutoka 9 hadi 6 kama vitabu vinavyosema. Lakini kutoka kwenye pini kubwa za tundu hadi kwenye soketi zile nne ulipita waya wa milimita 1.5 za mraba, moja kwa moja, bila fyuzi na bila breka ya aina yoyote.

Waya wa unene huo hupewa mzigo wa ampea 16 hivi, na hata hizo hupungua ukiwa umekunjwa kwenye roli. Kituo ambacho kisanduku hicho kingechomekwa kilikuwa cha ampea 32, nyuma yake kukiwa na breka ya ampea 40. Hebu mtu achomeke kwenye ekstensheni ile birika la umeme la ampea 9 na vipasha joto viwili vya ampea 8 kila kimoja. Jumla inakuwa ampea 25, ambazo kwa kituo ni kiasi cha kawaida kabisa, chini ya kikomo chake, na breka ya ampea 40 haitakuwa na sababu yoyote ya kuanguka hata mzigo ukae saa nzima. Kituo kingeendelea kutoa umeme kwa utulivu huku ganda la waya likilainika ndani ya roli. Ile rezista ya kwenye plagi inayoeleza uwezo wa kebo haisaidii hapa, kwani inazungumzia kebo ya kituo tu, wala hakuna kinachokieleza kituo kuhusu waya uliofungwa baada ya tundu. Nilikirudisha kisanduku kikiwa na orodha ya marekebisho: waya wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye tundu, breka ya ampea 16 kwa kila soketi, na kifaa cha kukata umeme unapovuja cha miliampea 30. Kikawa kizito na ghali zaidi, na kikaanza kufanana na kile ambacho tangu mwanzo kilipaswa kuwa, yaani bodi ndogo ya kugawia umeme.

Hilo la waya ni tatizo linalotibika kwa fedha na bisibisi. Gumu zaidi ni la utii. Mzigo wa kawaida hauna sikio la kusikia ishara. Ukikipachika kipasha joto cha ampea 28 kwenye kituo kilichotangaza ampea 32, mambo yatakwenda sawa hadi dakika ile gari litakapofika kwenye nguzo ya jirani na mfumo wa kugawa mzigo ukaamua kwamba kila nguzo ipate ampea 16. Ishara itabadilika, rezista zako zitaendelea kudumisha volti 6 zile zile, na kipasha joto kitaendelea kuvuta ampea 28. Kituo chenye mita makini kitagundua ukaidi huo na kukata umeme. Kisicho na uangalizi huo kitaendelea, na mzigo wa ziada utahamia kwenye laini kuu, ambako breka inayolinda nguzo zote inaweza kuanguka na kuwaacha watu wengine bila umeme kwenye magari yao. Mtu anayechukua umeme kwa njia hii ni lazima ajue kwamba mpango wa vituo vingi vilivyofungwa pamoja umejengwa juu ya imani kwamba kila mteja atapungua akiambiwa apungue, na kwamba laini inayovilisha mara nyingi haitoshi vyote vikivuta kwa pamoja.

Injini zina ukaidi wa namna yake. Mota ya kawaida ya kompresa au pampu huweza kuvuta ampea mara tano hadi saba ya kiwango chake cha kawaida wakati wa kuanza, kwa muda mfupi sana, na elektroniki ya kituo huweza kuuchukulia mshtuko huo kuwa hitilafu. Chaja ya gari haifanyi hivyo, kwa sababu huanza chini na kupanda polepole. Vilevile, gari linapotaka kuacha kuchaji hushusha ampea zake kwanza, kisha ndipo huondoa ile rezista ya pili, hivyo kontakta hufunguka ikiwa haina mzigo na huishi miaka mingi. Kisanduku chenye swichi ya kuondoa rezista hufungua kontakta katikati ya mzigo kamili, na cheche zinazoruka ndani yake kila mara hula nyuso zake. Hasara hiyo humwangukia mwenye kituo, ambaye hata hajui imetokea wapi.

Linalonitia wasiwasi kuliko yote, hata hivyo, ni umeme kukatika na kurudi wenyewe. Kituo huruhusiwa kusimamisha huduma wakati wowote: mzigo wa jengo ukizidi, bei ya umeme ikipanda kwa waliojiwekea ratiba, au mtandao ukiagiza. Kwa gari hilo si neno, kwani dereva yuko kwingine na betri husubiri. Sasa mfikirie fundi seremala anayetumia msumeno wa meza kwenye kituo hicho. Umeme umekatika ghafla, naye ameinama kutoa kipande cha mbao kilichokwama, swichi ya msumeno ikiwa bado imewashwa. Baada ya dakika mbili kituo kinaona nafasi imepatikana na kufunga kontakta. Msumeno unaanza kuzunguka vidole vikiwa kwenye meno. Mashine nyingi za karakana zina swichi inayojizima umeme unapokatika na isiyowaka tena hadi ibonyezwe, na mtu yeyote atakayeleta mashine isiyo na swichi hiyo mahali ambapo umeme wake unaendeshwa na programu, mimi simruhusu aiwashe. Vivyo hivyo kwa jokofu la dawa, vifaa vya tiba na kompyuta zinazohifadhi kumbukumbu: kituo cha kuchajia hakikuahidi kutokatika, na asiyeahidi hawezi kudaiwa.

Upande wa pili kuna mizigo ambayo ni midogo mno. Ampea 6 ndicho kikomo cha chini kabisa ambacho ishara ile inaweza kukitaja, na baadhi ya vituo, vinapoona mvuto mdogo sana kwa muda, huamua kwamba betri imejaa na kufunga hesabu. Mwenye kompyuta ya mkononi inayovuta wati 60 anaweza kujikuta anatozwa ada ya kukalia nafasi kana kwamba ni gari lililomaliza kuchaji likaachwa.

Katika Amerika ya Kaskazini kuna ugumu mwingine unaopaswa kuelezwa peke yake, kwa sababu maelezo mengi yanayosambaa hayautaji. Plagi ya J1772 inayotumika huko ina pini tano tu, nayo haina nyutro. Hutoa volti 240 kati ya waya mbili za moto, au volti 208 katika majengo ya biashara yenye fezi tatu, wakati vifaa vingi vya mkononi huko hutaka volti 120. Wapo wanaofikiria kwamba wakichukua waya mmoja wa moto na waya wa ardhi watapata volti 120 wanazozitaka. Watazipata kwenye mita ya kupimia. Mara tu wanapowasha kifaa, umeme unaorudi kupitia ardhi utahesabiwa kuwa umevuja na kituo kitakata, na kama kwa bahati mbaya kituo kina hitilafu na hakikukata, waya wa ardhi ambao unapaswa kuwa mlinzi utakuwa umegeuzwa kuwa njia ya umeme wa kazi, na kila chuma kilichounganishwa nao kitakuwa hatarini. Njia halali ni transfoma inayoshusha volti 240 hadi 120 ikiwa na ulinzi wake yenyewe. Hata kwa vifaa vinavyokubali volti 240, hesabu ya joto hubadilika: kipasha joto cha wati 4,800 kikipewa volti 208 kitatoa takriban wati 3,600 tu. Tena, kilinzi cha kuvuja umeme ndani ya vituo vya huko kwa kawaida hukata kwenye miliampea 20, ilhali soketi za kulinda watu hukata kwenye miliampea 5 hivi, kwa hiyo anayeshika drili kwenye mvua huhitaji ulinzi wa pili uliowekwa na aliyetengeneza adapta.

Kuhusu vituo vya kasi vya DC, yaani mkondo mnyoofu, sina mengi ya kusema. Volti zake ni mamia, mara nyingi kati ya 400 na 800 na wakati mwingine zaidi, hakuna kifaa cha kawaida kinachozitaka, na kituo hakitoi chochote mpaka kizungumze kidijitali na betri na kuhakikisha volti za pande zote mbili zinalingana. Asiye na mafunzo ya umeme wa volti za juu asifungue kitu hapo.

Jambo la ruhusa nalo ni fupi, ingawa si dogo. Kituo cha umma kina mwenyewe, kina masharti aliyoyakubali kila aliyepitisha kadi au kufungua programu, na masharti hayo kwa kawaida hutaja kuchaji magari. Kulipia kila kilowati-saa hakumpi mteja haki ya kukiuka masharti, na bima huangalia hilo kwanza pindi moto unapotokea. Kuna pia haki ya mtu aliyefika na asilimia tano za betri akakuta nafasi imekaliwa na ekstensheni. Kwenye kituo chako mwenyewe, au pale mwenye kituo alipokubali kwa maandishi, mazungumzo ni mengine.

Baada ya vizuizi vyote hivyo mtu anaweza kudhani ninapinga wazo lenyewe, na sivyo. Ninachotaka ni kwamba kati ya kituo na kifaa kuwe na kitu kinachoweza kubeba wajibu wa gari, na kitu kinachofaa zaidi ni betri. Betri kubwa za kubebeka zenye inveta ndani yake, yaani kifaa kinachougeuza umeme wa betri kuwa mkondo geu, hutatua matatizo karibu yote kwa mkupuo. Chaja yake huanza polepole na huweza kuwekewa kikomo, umeme ukikatika na kurudi haidhuriki, msumeno hauoni mabadiliko yoyote ya kituo, na inveta hutoa volti ambazo kifaa kinazitaka pamoja na nyutro na ulinzi wake. EcoFlow DELTA Pro, ambayo huhifadhi takriban kilowati-saa 3.6, ina adapta yake rasmi ya kuchajia kwenye vituo vya J1772, na huu ndio mfano ninaoutaja ninapotaka kuonyesha kwamba jambo hili linaweza kufanywa na mtengenezaji anayelibeba jina lake. Anayenunua aangalie kama adapta inaisoma ishara ya kituo kweli, au inajibu tu kama kile kisanduku cha mezani kwangu na kumwachia mwenye mali kuchagua ampea kwa mkono. Zote mbili hufanya kazi, lakini ya kwanza ndiyo inayostahili kuwekwa kwenye vituo vinavyogawana laini.

Mashine za ujenzi zimefuata njia nyingine iliyo bora zaidi, ya kuwekewa tundu la kuchajia kama la gari tangu kiwandani. Mwaka 2019 mtaa wa Olav Vs gate katikati ya Oslo ulijengwa upya kwa mashine za umeme badala ya dizeli, na tangu hapo mashine ndogo na kubwa za kuchimba zenye betri zimezidi kuonekana sokoni. Mashine ya namna hiyo, kwa macho ya kituo, ni gari tu: inajibu kwa volti 9, inajibu kwa volti 6, inasoma kikomo na kukitii. Baadhi ya pikipiki za umeme na mashua ziko hivyo pia. Wanaohitaji umeme kwa ajili ya trela za kazi, jikoni za kuhamahama au studio za kurekodia wangefanya vyema kuelekea huko, yaani kumpa fundi kazi ya kufunga chaja halisi ya gari na betri ndani ya trela, badala ya kutafuta namna ya kukihadaa kituo.

Kuna pia njia ya kulitumia gari lenyewe, ambayo watu huisahau wakati limeegeshwa mbele yao. Hyundai Ioniq 5, iliyotoka mwaka 2021, huweza kutoa hadi kilowati 3.6 kwa vifaa vya nje kutoka kwenye betri yake, na Ford F-150 Lightning iliyofuata mwaka 2022 huweza kufikia kilowati 9.6. Japani ilianza kulifikiria jambo hili kwa uzito baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, na mwaka 2012 Nissan ikaleta mfumo wa kuiwasha nyumba kwa betri ya gari la Leaf. Hapa pana tofauti ambayo wapangaji wa huduma za dharura wanapaswa kuiona mapema. Kituo cha kuchajia hutegemea gridi, na gridi ikizimika kinakuwa nguzo isiyo na faida, ilhali gari lililochajiwa jana linabaki na umeme wake. Kwa hiyo anayepanga kuwasha taa za hema la wagonjwa wakati wa maafa asihesabu vituo, ahesabu magari.

Kwa matukio ya kawaida, kama masoko ya wikendi, maonyesho, upigaji wa filamu na matengenezo ya majengo, suluhisho ninalolipigania kila ninapopewa nafasi ya kuchangia michoro ya maegesho mapya ni rahisi kuliko yote niliyoyataja. Handaki la kebo likiwa limeshachimbwa na laini ya fezi tatu imeshafikishwa kwenye nguzo, kuongeza soketi mbili za ampea 16 kando ya tundu la gari ni kazi ndogo, mradi kila moja iwe na breka yake, kilinzi chake cha miliampea 30, kifuniko cha kuzuia maji na kufuli. Soketi hizo zipite kwenye mita ya nguzo ili mtumiaji alipe anachotumia, na mfumo wa kugawa mzigo upewe taarifa ya ampea zinazovutwa, upunguze kikomo cha magari kwa kiasi hicho hicho badala ya kuikatia soketi. Gari linaweza kupunguziwa bila madhara, na msumeno hauwezi, kwa hiyo ni haki gari ndilo lipishe. Baadhi ya nguzo huuzwa zikiwa na soketi ya kawaida ubavuni, na aliyeandaa zabuni hahitaji kubuni chochote kipya, bali kuongeza mistari miwili kwenye maelezo ya kazi kabla saruji haijamwagwa.